Barua ya Kumrusha Kerubo

Mlipokuja kwangu Jumapili ile, nyinyi walimu watatu wa Kiogoro, mlikunywa chai ya maziwa vikombe viwili viwili, mkamaliza ndizi zote alizopika mke wangu, ndipo mkanitolea swali lenu. Mna msichana katika darasa la tatu ambaye amewaacha wenzake mbali. Anamaliza hesabu kabla hamjamaliza kuziandika ubaoni, halafu anakaa akichora viatu vyenu kwenye jalada la daftari. Mlitaka kujua kama zamani tulikuwa tukiwarusha darasa watoto wa namna hiyo, na kama nyinyi mmrushe huyu.

Mimi nikawauliza swali moja tu: anamfuata nani kwa kuzaliwa? Mkatazamana. Nikawaambia nitafikiri, mkaenda zenu mkidhani mzee amepoteza kumbukumbu. Sikupoteza kitu. Nilikuwa nashika chaki kabla baba zenu hawajang'oa meno ya utoto, na katika miaka yote hiyo hakuna swali ninalolichukia kuliko hilo lenu. Nimeamua kuliandika kwa sababu nikiliongea nitakatiza njiani, na mke wangu atadhani ni kikohozi.

Ndiyo, tulikuwa tukiwarusha. Miaka ya sitini jambo hilo halikuwa la ajabu, maana watoto waliingia shule na umri wowote. Katika darasa la kwanza nililopewa kulikuwa na mtoto wa miaka sita aliyekuwa akilala ikifika saa nne, na jirani yake kwenye benchi alikuwa kijana mwenye sauti nzito kuliko yangu. Kijana huyo alinisaidia kupigilia misumari ubao ulipoanguka. Sasa mtu kama yule ungemkalisha miaka saba akiimba a, e, i, o, u? Mwalimu Mkuu aliandika barua, mkaguzi wa shule akaja na gari lake la serikali, akampima mtoto kwa kusoma, kwa hesabu na kwa insha fupi. Akiridhika, alitia sahihi. Barua yenyewe ilikuwa na mistari minne. Jina la mtoto, darasa analotoka, darasa analokwenda, sahihi. Iangalieni vizuri hiyo mistari minne, kwa sababu hakuna hata mmoja unaouliza habari za nyumbani.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la kuchekesha, na naliweka mbele ili msinione mkali sana. Nilikuwa na mvulana aliyeitwa Ratemo, bingwa wa kusoma. Ukimpa kitabu, alisoma kwa sauti ya mhubiri, bila kusita, akiweka na vituo mahali pake. Nilijivuna naye kote. Siku mkaguzi alipokuja, nilimfungulia Ratemo kitabu mimi mwenyewe, na kwa haraka nikafunua kurasa mbili pamoja. Ratemo akasoma vizuri kabisa, kwa madaha. Mkaguzi akainama, akatazama kitabu, akanitazama mimi. Mtoto alikuwa akisoma ule ukurasa uliojificha. Alikuwa amekariri kitabu kizima kutoka kwa kaka yake, na alikuwa hajui herufi zaidi ya zile za jina lake.

Tangu siku hiyo, kila mtoto niliyetaka kumpima nilimfunulia kurasa mbili pamoja kwa makusudi. Ni hila ndogo, na haigharimu kitu. Anayekariri ataendelea kama gari lisilo na breki, na anayesoma kweli atasimama.

Mwalimu Mkuu wetu alicheka kisa hicho mpaka akatoa leso. Aliitwa Mzee Nyamweya, Msabato mwenye koti moja la kijivu ambalo Jumamosi lilikwenda kanisani na Jumatatu lilikuja shuleni. Shule yetu ilikuwa mlimani, katikati ya Keroka na Nyamira, mahali ambapo ukungu wa asubuhi ulituzuia kuona ubao mpaka kengele ya pili. Mzee huyo hakuwa na vyeti vingi, lakini kwa kuwarusha watoto sijaona mwingine kama yeye. Kila aliyemrusha alitulia kule juu.

Alikuwa na njia yake. Kwanza hakumtazama mtoto darasani, alimtazama wakati wa mapumziko. Alisema mtoto anayejua hesabu za wakubwa lakini bado anacheza na wadogo, mwache acheze, hesabu hazitaoza. Pili, hakumtangazia mtoto kwamba anapimwa. Alimwita na kumwambia, "Nenda darasa la tano wiki hii uwasaidie kufuta ubao." Mtoto alifuta ubao, akakaa benchi la mbele, akasikiliza. Baada ya wiki mzee aliyajua yote aliyotaka kuyajua, na kama mtoto hakuweza, alirudi kwao akijisifu kwamba alikuwa mfuta ubao wa darasa la tano. Hakuna aliyeaibika. Nyinyi leo mnawatangaza watoto kwenye mstari wa asubuhi kabla hata hawajajaribiwa.

Jambo la tatu ndilo nililolidharau. Kabla ya kuandika ile barua, mzee alichukua fimbo yake akatembea hadi nyumbani kwa mtoto. Hakusema amekuja kwa shauri la shule. Aliomba maji ya kunywa, akasifu migomba, akauliza habari za mvua. Halafu, kama mtu anayetafuta la kusema, akauliza, "Huyu mwanenu anamfuata nani?" Kama kulikuwa na kaka au dada mkubwa katika darasa ambalo mtoto angepelekwa, au katika lile ambalo angeliruka, mzee alikunywa maji yake, akaaga, na barua haikuandikwa.

Mimi nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimetoka chuo cha ualimu na viatu vyenye kung'aa. Nilimwambia kwamba huo ni ushamba, kwamba serikali mpya inataka watoto wenye akili, haitaki orodha ya vitovu. Hakukasirika. Alisema, "Momanyi, mtoto hapandi peke yake. Anapandisha na nyumba." Nikaona ni methali za wazee.

Nyinyi mmezaliwa kwenye mambo haya, lakini mjini watu husahau, kwa hiyo niwakumbushe. Kwetu Gusii mpangilio wa kuzaliwa haukuwa mzaha. Mdogo hakutangulia kuolewa kabla ya mkubwa wake. Akitangulia, watu hawaulizi mdogo ana bahati gani, wanauliza mkubwa ana kasoro gani. Swali hilo likishatoka nje halirudi ndani, linamfuata mkubwa sokoni na kisimani, na mwisho hata yeye mwenyewe anaanza kujiuliza.

Sasa nimefika kwa Kerubo.

Shule yetu ilikuwa na uhaba wa vyumba, kwa hiyo darasa la tatu na la nne walikaa chumba kimoja, hawa wakitazama ubao wa mashariki na wale wa magharibi. Mimi nilifundisha la tatu. Kerubo alikuwa msichana mdogo wa miaka tisa, mwenye kovu la moto mkononi, na alikuwa mwepesi mno. Siku moja nilimwona ameandika kwenye kibao chake hesabu ya kugawanya kwa tarakimu mbili. Nilikuwa sijafundisha hesabu hiyo. Hata mwenzangu wa darasa la nne alikuwa bado kuifikia vizuri. Nilimpa nyingine, akaifanya. Nikampa ngumu zaidi, akaifanya akiongea peke yake kwa Kigusii, akihesabu vidole. Mwili ulinisisimka, sitadanganya. Mwalimu anaweza kufundisha miaka kumi bila kukutana na mtoto kama yule, na mimi nilikuwa na miwili tu.

Dada yake mkubwa, Nyanchama, alikuwa chumba hicho hicho, upande wa darasa la nne, benchi la mwisho. Alikuwa msichana mrefu, ana miaka kumi na sita hivi, aliyechelewa kuanza shule kwa sababu alikuwa amewalea wadogo wake wanne. Aliandika polepole, akiibonyeza kalamu mpaka karatasi inatoboka. Katika mitihani alikuwa katikati, si juu wala chini. Nikiulizwa wakati huo, ningesema ni msichana mwenye adabu, basi.

Muhula huo Mzee Nyamweya alikwenda kutibiwa tumbo, akakaa hospitalini wiki nyingi, nami nikaachiwa ofisi. Nikaiona nafasi yangu. Niliandika barua ya kumrusha Kerubo kutoka la tatu hadi la tano. Sikumpeleka kufuta ubao. Sikwenda kwao kuomba maji. Mkaguzi akaja, nikafunua kurasa mbili pamoja, Kerubo akasimama akasema kwamba habari imekatika. Mkaguzi akacheka, akampa hesabu, naye akazimaliza. Mkaguzi akaniambia, "Mwalimu, umefukua almasi." Akatia sahihi pale pale juu ya boneti ya gari. Nami, kwa vile nilikuwa nimeomba kupandishwa daraja, nilimkumbusha jina langu kamili. Ndiyo, wanangu. Mimi pia nilitaka kurushwa.

Wiki mbili baadaye baba yao alikuja. Mzee Onchari alikuwa mkulima wa pareto na ndizi, mtu mpole ambaye tulizoea kuongea naye Kigusii tukicheka njiani. Siku hiyo alivaa viatu vya kanisani, akasimama mlangoni pa ofisi akaanza kwa Kiswahili, lugha ambayo hakuipenda. Nilijua nimeharibu pale alipoacha Kigusii.

"Mwalimu, mimi sikusoma," alisema. "Lakini mlango ya nyumba yangu naijua. Huyu mdogo umepitisha yeye mbele ya mkubwa. Sasa watu kule kwa mashine ya kusaga wananiuliza, Onchari, huyu msichana yako mkubwa ako na shida gani? Nitawaambia nini?"

"Waambie kila mtoto ana kichwa chake, mzee."

"Hiyo ni maneno ya ofisi. Kwa nyumba haisaidii."

Nilimwambia habari za serikali, za mkaguzi, za sahihi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema maneno aliyokuwa amekuja nayo. "Rudisha mdogo kwa darasa yake. Ama nitatoa wote wawili. Nakupatia mpaka Ijumaa."

Siku hizo tatu sikula vizuri. Niliona almasi yangu ikirudi ardhini, na mkaguzi akiuliza ilikokwenda. Jumatano, wakati wa mapumziko, Nyanchama akaja ofisini. Hakuingia. Alisimama nje akishika fremu ya mlango, akiwa bado na vumbi la chaki vidoleni, na sikujiuliza mwanafunzi wa benchi la nyuma amepata wapi vumbi la chaki.

"Mwalimu, nimeongea na tata," alisema, yaani baba yake. "Kerubo abaki huko la tano. Mimi nitaacha. Nikiacha, hakuna mtu atasema amenipita. Atakuwa anasoma peke yake tu."

"Usiache," nikamwambia.

Nilisema mara moja tu, wala si kwa sauti. Na nitawaambia kitu ambacho sikumwambia hata mke wangu kwa miaka mingi: msichana yule alipogeuka kwenda, nilishukuru. Nilihisi mzigo umeshuka begani. Nilijiambia kwamba shule imepoteza mwanafunzi wa katikati na imebaki na mwanafunzi wa ajabu, na kwamba mtu yeyote mwenye akili angekubali biashara hiyo. Aibu ya shukrani ile ninayo mpaka leo.

Nyanchama alipelekwa kwa shangazi yake kule Sironga kusaidia kulea. Kerubo akabaki darasa la tano.

Mzee Nyamweya aliporudi, amekonda, koti limekuwa kubwa, nilimwonyesha barua yenye sahihi kabla hata hajaketi. Aliisoma yote minne, ile mistari. Kisha akaniuliza jambo ambalo sikulitegemea.

"Nani alimfundisha kugawanya?"

"Hakufundishwa, Mwalimu Mkuu. Ana kipaji. Amezaliwa nacho."

"Mtu huzaliwa na njaa," alisema. "Kugawanya hufundishwa. Mwite."

Kerubo alikuja, akasimama akivuta sketi yake. Mzee akamwuliza kwa Kigusii, kwa upole, kugawanya alikujulia wapi. Mtoto akaona swali hilo ni la ajabu.

"Ni Nyanchama," alisema. "Tukichuma pareto. Yeye anachukua mistari kumi na miwili, anasema, tukitoa maua mia moja arobaini na manne, kila mstari umetoa mangapi? Nikikosea ananiambia nichume tena huo mstari. Akitoka shule ananifundisha yote, kila siku. Ananifundisha kwa ukuta wa jikoni, na makaa. Na mapumziko ananifundisha na vipande vya chaki vya kuokota."

"Na sasa?"

"Sasa hayuko."

Mzee akamruhusu aende. Kisha akavuta daftari la mahudhurio la darasa la nne, akaliweka mbele yangu, akaweka kidole kwenye safu ya Nyanchama. Kulikuwa na wino mwekundu kila Jumatatu na kila Alhamisi, wiki baada ya wiki. Siku za soko la Keroka mama yao alikwenda na ndizi, na mkubwa alibaki na mtoto mchanga. Msichana aliyekosa siku mbili katika kila tano alikuwa bado katikati ya darasa, na jioni alimfundisha mdogo wake kitu ambacho yeye mwenyewe alikisikia nusu. Daftari lilikuwa mezani kwangu muhula mzima. Nilikuwa nikijumlisha chini kwa ajili ya ripoti. Sikuwahi kusoma safu ya mtu mmoja kutoka kushoto kwenda kulia.

"Tulikuwa na mwalimu katika benchi la nyuma," Mzee Nyamweya alisema. "Wewe umekipa zawadi kibao alichoandikia."

Aliniambia niandike barua ya pili, ya kumrudisha Kerubo, halafu niende Sironga kwa miguu yangu nikamwombe Nyanchama. Alisema barua ya kwanza niliiandika mimi, na njia hiyo niitembee mimi. Nilikataa. Sikukataa kwa mdomo, maana hakuna aliyemkatalia mzee kwa mdomo. Nilisema tungoje mtihani wa mwisho wa mwaka, tuone Kerubo atakavyofanya. Nilitumaini atakuwa wa kwanza, na watu wakinyamaza nami nitakuwa nimeokoka.

Hakuwa wa kwanza. Miezi ile nilimwona Kerubo akififia mbele ya macho yangu. Hakuwa mjinga hata kidogo, msinielewe vibaya. Lakini alikuwa amezoea kitu kuulizwa mara nne, kwa njia nne, na mtu anayempenda, na sasa alikuwa mmoja kati ya watoto arobaini wakubwa kuliko yeye, na jioni hakuna wa kumwuliza. Alichuma pareto kimya. Mtihani ulipokuja alikuwa chini ya nusu ya darasa. Alimaliza la saba, akapata alama za kawaida, akaenda shule ya harambee iliyojengwa kwa michango ya wazazi, baadaye akawa msaidizi katika zahanati, na ni mama mwema anayenisalimu kwa heshima. Hana kinyongo nami. Lakini niliwahi kumsikia akimwambia mtu, "Mimi nilikuwa mwepesi nikiwa mdogo, halafu ikaisha," kama mtu anayetaja surua.

Sironga nilikwenda Desemba, nimeshashindwa. Majuto ni mjukuu, na wangu alikuwa amekuja akiwa mtu mzima. Nilimkuta Nyanchama akipalilia, amejifunga leso kiunoni, mtoto wa shangazi mgongoni. Nilimwambia kila kitu, na kwamba Mwalimu Mkuu yuko tayari kurudisha mambo kama yalivyokuwa, yeye la tano na Kerubo la nne. Akaegemea jembe.

"Mwalimu, ungekuja muhula ule ningekuja mbio," alisema. "Sasa watu wa mume wameshaongea na tata. Mwezi wa pili naenda kwao." Kisha akanikaribisha uji, kwa sababu nilikuwa nimetembea mbali, nami nikaunywa wote, kwa kuwa sikujua la kufanya na mikono yangu.

Msidhani basi kwamba nilikuwa adui wa kurusha watoto. Mzee Nyamweya alipostaafu aliniachia njia yake pamoja na fimbo, na nimewarusha wengi kwa njia hiyo. Mtoto mwepesi aliyezuiwa huoza, nimewaona. Anajifunza uvivu kwa sababu hakuna kinachomtoa jasho, na akifika mahali pagumu hana misuli. Wapeni haki yao. Ninachosema ni kwamba barua yenu bado ina mistari minne, ingawa siku hizi inaandikwa kwa mashine.

Ningependa kuishia hapo, lakini kisa hakikuishia hapo.

Miaka ya sabini nilipewa shule ya kuongoza, si mbali na Sironga. Ndipo ukaja ule wakati karo ya madarasa ya chini ilipoondolewa, na watoto wakaja kama maji ya mto. Darasa la kwanza lilijaa mpaka wengine wakakaa dirishani, miguu nje. Nilikuwa na zaidi ya watoto mia na mwalimu mmoja, naye siku ninayoisema alikuwa mgonjwa. Serikali ilituruhusu kuajiri watu wasio na mafunzo ya ualimu, na mezani kwangu kulikuwa na rundo la fomu. Masharti yalikuwa machache, lakini moja lilikuwa na mstari mweusi chini yake: cheti cha darasa la saba. Nilikuwa nimezunguka kanisa kwa kanisa nikitafuta mtu mwenye cheti hicho.

Akaingia mama mrefu na binti yake wa miaka sita, amekuja kumwandikisha. Nilimtambua kwa jinsi alivyoshika fremu ya mlango.

"Bwakire, mwalimu," alinisalimu. Tukaulizana habari za watu. Mzee Onchari alikuwa amefariki, Kerubo alikuwa mzima. Kisha nikavuta kitabu, kwa mazoea tu, nikampa yule mtoto asome. Alisoma mpaka chini, nikafunua kurasa mbili pamoja, akasita. Akaangalia kitabu, akaniangalia mimi.

"Mwalimu, umeruka," alisema.

Mtoto wa siku yake ya kwanza shuleni. Nikaweka kitabu chini. Safari hii nilijua swali la kuuliza, na nilijua jibu. "Nani anamfundisha?"

"Ni mimi tu," Nyanchama alisema. "Tukiwa shambani."

Nilimwambia ampeleke mtoto darasani, nami nikabaki ofisini nikiandika jina. Kelele za darasa la kwanza zilikuwa zikitikisa mabati tangu asubuhi. Nikiwa kwenye tarehe ya kuzaliwa, kelele zikakatika. Nilidhani mtoto ameumia, nikatoka mbio.

Nyanchama alikuwa mbele ya ubao. Alikuwa amewatoa watoto wa dirishani wakakaa chini mbele, amewapanga mistari mistari. Ameokota kipande cha chaki. Alikuwa akiuliza kitu, mistari ikijibu mmoja mmoja, na mstari uliokosea ulisimama, ukacheka, ukajaribu tena. Zaidi ya watoto mia, na niliweza kusikia kuku wa jirani. Nilisimama nje ya dirisha mpaka kengele ikalia, na hakuna hata mtoto mmoja aliyeinuka.

Nilirudi ofisini nikachukua fomu moja kutoka kwenye rundo. Nikafika kwenye ile nafasi ya cheti. Aliishia darasa la nne. Nilimwandikia mkaguzi mpya barua, si ya mistari minne, ya kurasa tatu, na jibu lilikuja kwa mstari mmoja wa kukataa. Lakini hilo lilikuwa baadaye. Siku hiyo sheria ilikuwa wazi, mtu asiye na cheti haruhusiwi kukaa na darasa, na mimi ndiye niliyekuwa mkuu. Nilikwenda mlangoni nikabisha, nikamwambia kwa adabu zote kwamba inambidi atoke.

Aliweka chaki pale alipoiokota, akafuta mikono kwenye leso, akaniambia hakuna shida, mwalimu. Ilikuwa mara ya pili mimi kumtoa darasani.

Basi, wanangu, huyo msichana wenu mlinitajia jina lake mara nne mkinywa chai, na ni jina zuri. Nendeni kwao. Ombeni maji, sifuni migomba, muulize anamfuata nani. Kisha rudini mniambie jina la huyo mwingine, ndipo tutaongea habari za barua.